Ukitaka kupunguza umeme chuoni, anza usiku

Tulianza kama wengi wanavyoanza: vibandiko vya "Zima taa" juu ya kila swichi. Muhula ukaisha, bili ikawa ile ile. Kilichotufumbua macho ni kusoma mita saa nane usiku, madarasa yote yamefungwa. Jengo la sayansi lilikuwa bado linakula zaidi ya nusu ya umeme wa mchana.

Kwa hiyo mwombe fundi umeme wa chuo akufungulie chumba cha mita. Andika namba saa nane, rudi saa tisa, toa. Kisha pita chumba kwa chumba ukitega sikio. Kwenye maabara ya kompyuta tulikuta mashine 40, skrini nyeusi, lakini ukiweka kiganja nyuma unasikia joto. Kila moja ikila wati 50 tu, kwa saa 12 ni uniti 24. Umeme ukitokana na makaa ya mawe, uniti moja hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa. Piga hesabu ya mwaka mzima, inauma.

Kazi kubwa iko kwenye maabara za utafiti. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikipandishwa hadi 70 huokoa takriban theluthi ya umeme wake, na sampuli nyingi hazidhuriki. Ila usiguse kitufe bila ridhaa ya mwenye sampuli. Mle ndani mna jasho lake la miaka. Mhadhiri mmoja alinikatalia katakata, nikamwacha. Baada ya kuona friza za wenzake ziko salama, alinifuata mwenyewe.

Usizisahau feni za kuingiza hewa kwenye kumbi. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, umeme wake hushuka karibu nusu. Fundi wetu hakuamini mpaka alipopima kwa mkono wake.

Taa za LED wekeni, hilo halina mjadala.

Na kabla ya kuita mtaalamu yeyote, kaa na walinzi na wafanya usafi. Mzee anayelinda jengo letu ndiye aliyetuambia kwamba kiyoyozi cha ukumbi mkubwa kilikuwa hakijazimwa tangu likizo. Alikuwa akikisikia kila usiku, na hakuna aliyewahi kumuuliza.