Harufu Kali Bwawani Si Dalili ya Klorini Kuzidi

SWALI: Ndugu Mhariri, tuna bwawa la kuogelea nyumbani lenye ujazo wa lita 50,000. Kwa majuma mawili sasa maji yananuka klorini kwa nguvu na watoto wanatoka macho yakiwa mekundu. Nilidhani dawa imezidi, nikaacha kuitia kwa siku nne, lakini harufu haikupungua na kuta zimeanza kuteleza. Je, niendelee kusubiri?

JIBU: Ndugu msomaji, usisubiri tena, na tafadhali usiwaruhusu watoto waingie majini hadi utakapokuwa umepima. Kosa hili hufanywa na watu wengi waangalifu kama wewe. Klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya mwili hushikamana navyo na kuzaa kloramini, nazo ndizo zinazonuka na kuwasha macho. Klorini iliyokwisha kufungika namna hiyo haina tena nguvu kubwa ya kuua vijidudu, kwa hiyo bwawa linalonuka sana mara nyingi ni bwawa lililoishiwa klorini huru, yaani ile inayofanya kazi. Utelezi wa kuta unatilia nguvu shaka hiyo, kwa kuwa mwani hauoti kwa urahisi penye klorini ya kutosha.

Pua haiwezi kutofautisha hali hizi mbili, na hata baadhi ya vipimo haviwezi. Kipimo cha matone yanayogeuza maji kuwa ya manjano huonyesha jumla ya klorini tu, bila kukueleza ni kiasi gani kimekwisha kufungika. Tafuta kipimo cha DPD, kinachogeuza maji kuwa ya waridi na kusoma klorini huru na klorini ya jumla, kila moja peke yake. Ukitoa ya kwanza katika ya pili, kinachobaki ndicho kilichofungika. Chota maji kwa kuzamisha mkono hadi kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji yaliyochujwa, kwa sababu maji ya juu kabisa yamepigwa na jua na hayawakilishi bwawa zima.

Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na isishuke chini ya 2 ikiwa unatumia vidonge vyenye asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini na jua lakini pia huipunguzia kasi. Pima pH vilevile, yaani kipimo kinachoonyesha maji yana uasidi kiasi gani, nayo iwe kati ya 7.2 na 7.8. Watu wengi hulipuuza jambo hili, ingawa katika maji yasiyo na asidi ya sayanuriki, karibu nusu ya klorini huru huwa katika umbo lenye nguvu pH ikiwa 7.5, na ikifika 8 hubaki takriban robo tu.

Tuseme umekuta klorini huru iko karibu na sifuri na iliyofungika ni miligramu 0.8 kwa lita. Ili kuzivunja kloramini, klorini huru hupandishwa hadi mara kumi ya ile iliyofungika, yaani miligramu 8 kwa lita. Kwa lita 50,000 hiyo ni gramu 400 za klorini halisi, au gramu 615 hivi za kalsiamu hipokloriti ya asilimia 65. Sugua kuta kwanza, kisha fanya kazi hiyo jioni, pampu ikizunguka na bwawa likiwa wazi ili gesi zitoke. Tia maji kwenye ndoo safi ya plastiki kabla ya dawa, wala usimwagie maji juu ya dawa kavu. Nakusihi pia usiichanganye na tindikali, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, wala na vidonge vya aina nyingine ya klorini, kwani unaweza kuwaka moto au kulipuka. Asiogelee mtu hadi kipimo kirudi katika kiwango cha kawaida. Baada ya hapo pima mara mbili kwa siku kila siku bwawa linapotumika, na uwazoeze watoto kuoga kabla ya kuingia.

SWALI: Nilitia dawa nyingi, lakini maji ya kipimo cha DPD yalibaki meupe. Niongeze?

JIBU: Usiongeze kabla ya kuhakikisha. Klorini ikizidi sana huifuta rangi ya kipimo, hata maji yakaonekana kama hayana klorini kabisa. Wakati mwingine utaona waridi ikitokea mara moja na kutoweka. Changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tisa za maji yaliyotoneshwa, yasiyo na klorini, pima upya, kisha zidisha jibu mara kumi. Ikiwa rangi imejitokeza, tatizo lako ni kuzidi, na dawa yake ni kuacha bwawa wazi juani bila mtu ndani yake, ukipima hadi klorini ishuke.