Reli ndefu, askari wachache: inalindwaje?

SWALI: Shikamoo afande. Nafundisha historia sekondari hapa Tabora. Tukiwa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, mwanafunzi kaniuliza: reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma inazidi kilomita 1,200. Jeshi liko vitani mbali, njia yote hiyo inalindwaje? Nilikwama.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mwanafunzi ana jicho la afisa ugavi. Hailindwi yote. Mimi mstaafu wa ugavi jeshini, na kazi yetu huanza kwa kuamua pa kuacha wazi. Tuta la reli likilipuliwa porini, gengi la mafundi lenye reli na mataruma ya akiba hulirudisha upesi. Daraja kubwa ni balaa la wiki kadhaa. Na kituo cha maji usikidharau: injini ya mvuke bila maji ni chuma tu. Walinzi wanakaa hapo, kwingine doria inatosha.

Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa wakikatiza nyika kutoka upande wa Kilimanjaro kutega mabomu kwenye reli ya Waingereza iliyotoka Mombasa. Dawa ya mitego ya namna hiyo ni kutanguliza behewa la mchanga mbele ya injini. Bomu linakula mchanga, dereva anapona.

Ila reli ikiisha ndipo pagumu. Mbung'o waliua ng'ombe na punda, mzigo ukapanda vichwani mwa watu. Waandikie ubaoni: mpagazi ana kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku. Siku 10 kwenda, 10 kurudi, kala 20, kafikisha 5. Adui hajafyatua hata risasi moja! Sogeza kituo cha mwisho cha treni siku tano mbele, mtu yuleyule anafikisha 15. Kwa hiyo anayelinda daraja analinda sufuria za askari walioko mbele.

Usiloweza kulilinda, usimwachie adui. Julai 1916, Wabelgiji wakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwa reli hiyohiyo. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua 1924, na mitambo ikawaka. Ndiyo Liemba yetu hii, meli ya Ziwa Tanganyika.