Khanga yangu ilisomwa kilimani

Swali la wiki lilikuwa hili: je, kijana aliyelelewa ughaibuni aruhusiwe kwenda tamasha la muziki bila mzazi? Nilikuwa nachoma vitumbua nilipolisoma, nikazima jiko nikakaa. Binti yangu ana miaka 17, na siku mbili kabla alikuwa ameniuliza jambo hilohilo, karibu kwa maneno hayohayo. Nilimjibu hapana, nanyi nawajibu hapana.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Vijana wa enzi zetu tulikwenda ngomani, tulikwenda taarabuni, tulikesha kwenye harusi za watu tusiowajua, na mama hakukosa usingizi. Kila kona palikuwa na shangazi wa mtu. Ukipotea machoni dakika kumi, habari zako zinatangulia kufika nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa, walituambia, nami niliuelewa msemo huo kwamba anayekutunza ni yule anayejua wewe ni mtoto wa nani. Sasa hapa Edmonton, jimbo la Alberta, Canada, katikati ya maelfu ya watu, nani anajua binti yangu ni mtoto wa nani?

Na msiniambie naogopa kivuli. Jirani zetu wa British Columbia walitangaza hali ya dharura ya afya Aprili 2016 kwa ajili ya vifo vya dawa za kulevya, na fentanili, ile dawa kali inayoua kwa chembe ndogo, haikuishia kwenye mpaka wa jimbo. Alberta imezika vijana wengi. Nimefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa karibu miaka yangu yote huku. Nimekaa na mama aliyepigiwa simu ile alfajiri, akiniuliza mimi kama mwanawe alisikia baridi.

Tamasha analolitaka binti yangu ni lile la muziki wa asili la Gallagher Park, siku nne kila Agosti, lililoanza mwaka 1980. Mlioko huku mnalijua. Kilima wanachoteleza watu kwa ski wakati wa theluji, Agosti kinafunikwa kwa maturubai kutoka juu hadi chini. Asubuhi milango ikifunguliwa watu wazima wanakimbia na maturubai yao mikononi kuwahi nafasi. Kwa mbele kuna jukwaa kubwa, nyuma yake mto, na ng'ambo ya mto majengo ya mjini. Ukimuuliza binti yangu atakwambia treni inapita karibu na mlango wetu, na ni kweli: tangu Novemba 2023 treni ya mtaani kwetu, Mill Woods, inashusha watu kituo cha Muttart, hapo chini ya kilima. Hoja ya usafiri ameshanishinda.

Mwaka 2006 treni hiyo haikuwapo. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu Canada, nafanya zamu za jioni kwenye nyumba ya wazee, nalala mchana, sina mtu. Nikisema sina mtu naomba mnielewe vizuri. Watu wa kusalimiana nao walikuwepo. Wa kunitafuta nisipoonekana siku mbili hakuwepo. Mfanyakazi mwenzangu, Mfilipino, alikuwa amenunua tiketi ya Jumamosi, akabadilishiwa zamu ghafla, akanipa. Nikapanda basi peke yangu, mkoba begani, ndani yake chupa ya maji, ndizi mbili na khanga yangu ya kuswalia.

Khanga ile ilikuwa kipande kimoja cha doti. Kipande cha pili alibaki nacho mama siku naondoka. Alikichana mwenyewe kwa mkono pale sebuleni, mkasi ulikuwepo mezani.

Nilikaa pembeni, kwenye ukingo wa turubai la watu, kwa sababu sikujua kama yale maturubai yana wenyewe. Mwenyewe alikuja, mama wa makamo mwenye mikono ya kazi ya shamba, akaniangalia, akasogeza kiti chake kifupi kama nusu hatua ili nipate nafasi ya kunyoosha miguu. Hakusema neno. Jukwaa dogo la karibu walikuwa wamepanga wanamuziki wanne ambao hawakuwahi kupiga pamoja. Huo ni utaratibu wa matamasha ya Canada, na aliyeukuza alikuwa Estelle Klein, katika tamasha la Mariposa kule Ontario: mnawapandisha watu wasiojuana jukwaa moja, kila mmoja na wimbo wake, wengine wamfuate wakiweza. Siku ile palikuwa na mpiga kora, ala ya nyuzi nyingi, kutoka Afrika Magharibi na kijana wa fidla ya Kimetis, watu wa Canada wenye asili ya wenyeji na Wazungu, anayepiga huku miguu yote miwili ikigonga ubao. Mpiga kora alianza polepole. Yule wa fidla akatulia, upinde magotini, anasikiliza kwa miguu tu. Miguu ikaanza kumjibu kora kabla ya mikono. Niliona mpiga kora anavyogeuza kichwa na kucheka, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni barabarani ugenini.

Agosti huku jua linazama saa tatu usiku na kitu. Nilisubiri magharibi, nikaswali pale pembeni, na nilipomaliza baridi ilikuwa imeshashuka kama inavyoshuka bondeni mwa ule mto, nikaacha khanga mabegani. Watu wakaanza kuwasha mishumaa. Kilima chote, mshumaa kwa mshumaa, mpaka ukawa unaona nuru na huoni watu. Mimi sikuwa na mshumaa.

Ndipo nyuma yangu nikasikia mtu anasoma, taratibu, herufi kwa herufi kama mtoto wa chuo cha Kurani: “Usisafirie... nyota... ya mwenzio.”

Niligeuka. Msichana mwembamba, koti kubwa kuliko yeye, mshumaa ndani ya kikombe cha karatasi. Alikuwa ameusogeza mgongoni kwangu ili asome ukingo wa khanga. Akaniambia, “Jambo, dada. Uko mtu wa wapi?” Nikamwambia Tanga. Akasema yeye wa Bukavu, kisha akasema, “Ni miezi tatu sijasema Swahili na mtu,” akaanza kulia, na mimi nikalia, na yule mama wa shamba akatutazama wote wawili akasogeza kiti nusu hatua nyingine.

Alikuwa na miaka 19. Alikuja pale na wenzake wa shule ya Kiingereza, wakapotezana. Tulikula sahani moja ya zile chapati za Kichina za vitunguu zinazouzwa kwenye kila tamasha la mji huu, na alisisitiza nisizikunje kama chapati ya kwetu maana mafuta yanachuruzika. Aliniuliza maana ya maneno ya khanga. Nikamweleza: usifunge safari kwa kutegemea bahati ya mtu mwingine. Nilipomaliza nikakumbuka tiketi niliyoingilia ilikuwa ya mtu mwingine, nami nikanyamaza kidogo.

Najua nimekaa sana kwenye usiku mmoja na hamkuniuliza habari hizo. Lakini yule msichana ndiye aliyenishika mkono mwaka 2008 nilipojifungua, Februari, theluji mpaka magotini, mume wangu yuko safarini kaskazini kwenye kazi ya mafuta. Ndiye aliyempokea binti yangu na kumwimbia kwa Kiswahili cha Kivu, kabla mimi mama yake sijapata nguvu ya kusema neno. Leo yuko Calgary, ana watoto watatu, na binti yangu anamwita mama mdogo. Nikijaribu kufikiri ningempata wapi kama si pale kilimani, sipati. Si msikitini, yeye ni Mkatoliki. Si kazini, hatukuwahi kufanya kazi moja. Jumuiya zetu zenyewe mnazijua: Watanzania kwao, Wakongo kwao.

Naandika haya naona hapana yangu inalegea, na sipendi. Nilisema mcheza kwao hutunzwa, nikaona binti yangu hachezi kwao. Lakini kwao ni wapi? Tanga amefika mara mbili. Amezaliwa mji huu. Akiwa na miaka sita nilimpeleka kilima kilekile, akashinda anaokota sahani walizoacha watu, kwa sababu kila sahani ukirudisha ulikuwa unapewa dola 2 za amana, akarudi nyumbani tajiri. Watu wa kujitolea pale ni zaidi ya elfu mbili, na wengine wanamjua kwa jina, nimewasikia. Jumapili usiku, tamasha likifungwa, kilima kizima kinaimba ule wimbo wa Ian Tyson, mwimbaji wa Canada, wa mtu anayewaza kwenda Alberta kutafuta kazi kwa marafiki. Binti yangu anaujua wote kwa moyo. Mimi ndiye niliyekuja Alberta kutafuta kazi, na mpaka leo naimba kiitikio tu. Mgeni pale ni mimi, wala si yeye. Mwaka ule wa 2006 sikuwa na mtu wa kunitunza, na bado nilitunzwa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Nalitoa kwa shingo upande, na nina masharti, na mzazi mwenye mtoto tofauti na wangu asilichukue kama fatwa. Aende na wenzake wawili ambao nimekula nao mezani kwangu. Asinywe kitu ambacho hakukifungua mwenyewe. Abebe kile kifuko cha naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na dawa kama fentanili, famasi za Alberta zinatoa bure, na ajifunze kukitumia kwa ajili ya mtu mwingine, maana anayekitumia huwa ni aliyekaa jirani. Muziki ukiisha usiku nitakuwa kituo cha Mill Woods ndani ya gari, na asinipigie simu kuniambia nirudi nikalale.

Tamasha lile la Salmo, British Columbia, jibu bado ni hapana. Ameshaanza kulitaja, Shambhala, limekuwepo tangu 1998. Mara ya kwanza nililisikia kama shamba, na kumbe kweli ni shamba la mifugo, watu wanalala kwenye mahema siku kadhaa na muziki wa mashine haulali. Nimesoma kwamba kwa miaka mingi hawakuuza pombe na wana kituo cha kupima dawa kabla mtu hajazitumia, na nakiri hilo ni jambo la akili. Lakini kutoka Mill Woods hakuna treni.

Jana nilimtolea ile khanga. Rangi imefifia, maandishi bado yanasomeka. Akauliza kama akiivaa nitakasirika ikichafuka kwa mafuta ya zile chapati. Nikamwambia aifunge mabegani, maandishi yawe nyuma.