Kipima mvua chenye hita mlimani: joto likizidi, maji yanapotea

Ndugu uliyeuliza kama ununue kipima mvua chenye hita kwa ajili ya kituo unachotaka kukiweka juu ya Horombo, kambi ya wapandaji wa Kilimanjaro, jibu langu ni ndiyo, ila jiandae, kwa kuwa hita, ile inayoyeyusha theluji ili ipimwe kama maji, itakusumbua kuliko mvua yenyewe. Huku Moshi mjini hatuihitaji kabisa; ukipita mita 4,000, ambako maji huganda karibu kila usiku wa mwaka, mambo hubadilika.

Msimu wa kwanza nilipotunza chombo cha aina hiyo upande wa Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, niliacha hita ya wati 60 iwake tangu magharibi, nikiamini kwamba betri ya asidi ya volti 12, ile tunayoiita ya ampea 100, ingefika asubuhi. Hesabu ilinikataa. Betri hiyo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani takriban wati-saa 600, na baridi huipunguzia nguvu zaidi, hivyo ilipofika saa tisa usiku hita ilizimika. Alfajiri nilikuta faneli imejaa theluji, na kibakuli kinachopinduka kila kikijaa, ambacho mapinduko yake ndiyo yanayohesabiwa kama mvua, kimegandiana na egemeo lake kwa barafu nyembamba mno, ambayo niliigundua kwa kidole kabla ya kuiona. Saa tatu asubuhi, mbingu nyeupe isiyo na wingu hata moja, theluji ya usiku ikawa inayeyuka, na kirekodi chenye betri yake ndogo kikaanza kuandika mvua. Ukikutana na mvua ya namna hiyo katika takwimu zako, kiasi chake huenda kikakaribia ukweli, lakini saa yake ni ya uongo.

Kosa la pili ni kuongeza moto. Faneli ikiwa ya moto sana, theluji nyepesi hugeuka mvuke kabla haijafika kwenye kibakuli, na hewa inayopanda husukuma chembe nyingine pembeni. Mimi nililipima hilo kwa barafu ya jagi lililolala nje: niliisaga, nikapima gramu 100, nikaitia kijiko kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima. Kwa mdomo wa sentimita za mraba 200, na kibakuli kinachopinduka kila milimita 0.2, nilitarajia mapinduko 25; nikapata 20. Niliposhusha themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima hita kulingana na joto, hita ikawa inawaka chini ya nyuzi 4 tu na kuiacha faneli juu kidogo ya sifuri, yakawa 24, na betri ikafika asubuhi.

Upepo nao huiba theluji, kwa hiyo weka kizuizi kuzunguka chombo.

Kama sola yako haiwezi kuubeba mzigo huo, tafuta chombo kinachopima kwa uzito, ambacho ndoo yake hutiwa propilini glaikoli ili maji yasigande, pamoja na utando mwembamba wa mafuta wa kuzuia uvukizi. Kimiminika kilichotumika rudi nacho Moshi kwenye dumu, usikimwage hifadhini.