Kinanda kifuate ilimba: majibu ya maswali yenu ya muziki

Shikamooni. Kikundi chetu hapa Soweto, Mbeya, kimempata kijana wa Dodoma anayepiga ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole juu ya sanduku. Akipiga peke yake ni raha tupu. Kinanda kikiingia, kila kitu kinachacha. Kosa ni la nani?

Marahaba. Hakuna mwenye kosa. Hizo ni ngazi mbili za sauti zinazogombania wimbo mmoja.

Kinanda cha dukani kimegawa oktava, yaani kutoka do hadi do inayofuata, vipande 12 vilivyo sawasawa, kila kimoja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha sauti, si pesa). Ilimba ya Kigogo haijagawa hivyo. Inafuata milio inayozaliwa yenyewe ndani ya sauti moja nene, ile ile unayoisikia ukigusa waya wa gitaa katikati bila kuukandamiza. Kwa lugha ya wanakwaya, ngazi yake ni so, ta (yaani ti iliyoshushwa), do, re, mi. So na re zinakaribiana sana na za kinanda. Mi ya ilimba iko chini kwa karibu senti 14, na ta iko chini kwa karibu senti 31. Hiyo ta ndiyo inayowachachia.

Mkiwa na kinanda chenye menyu ya "Scale Tune", fanyeni hivi. Kijana apige do yake, mwingine asome kwenye programu ya kutyuni ya simu. Sogezeni kinanda kizima hadi do zifanane. Kisha shusheni mi na ta peke yake, mkisoma ilimba yenyewe na si namba zetu, kwa sababu fundi aliitengeneza kwa sikio na kila ilimba ina lake. Kama kinanda ni cha bei ndogo na hakina menyu hiyo, mkono wa kushoto upige do na so tu, kodi nzima, yaani noti zote kwa pamoja, iachwe, na mi na ta waachiwe ilimba. Mpiga gitaa asiipige ta kwenye kipande chake cha kawaida, maana waya haushuki kwa kuvutwa. Aanzie la, auvute upande kidogo chini ya nusu toni.

Msimwambie kijana atyuni ilimba ifuate kinanda. Inawezekana: chuma kikisukumwa ndani kinafupika na sauti inapanda, kikivutwa nje inashuka. Lakini mkimaliza mtakuwa na kinanda cha pili chenye sauti ndogo. Marehemu Hukwe Zawose aliporekodi na mpiga gitaa Michael Brook, ilimba ilibaki ilimba na gitaa ndilo lililojipanga pembeni yake. Itafuteni albamu yao, "Assembly", mwisikilize kwa hedifoni.

Jambo moja zaidi kwa fundi wenu wa studio. Ule mkwaruzo wa ilimba si ubovu. Kwenye matundu ya sanduku kumebandikwa utando wa buibui, ule unaofunika mayai yake, na ndio unaotetema. Asiuzibe kwa gundi ya karatasi. Maiki ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye tundu, si juu ya vidole.

Kwaya yetu ya Tukuyu ina tarumbeta na kinanda. Tukianza "F" wote, tunapishana. Asubuhi ndiyo balaa zaidi.

Mna matatizo mawili. La kwanza: tarumbeta nyingi ni za B bemoli. Mpiga tarumbeta akisoma C, kinachotoka ni B bemoli ya kinanda. Basi kinanda kikiwa F, tarumbeta isome G, yaani toni moja juu. Njia ya mkato ni kuweka "transpose" ya kinanda kwenye -2, kisha wote wasome F. Andikeni kwenye karatasi na kuibandika juu ya kinanda, la sivyo Jumapili ijayo mtu ataisahau pale pale na wimbo wa kwanza utaharibika.

La pili ni baridi. Hewa ya ndani ya bomba ikipoa, sauti inashuka, karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tarumbeta iliyolala kwenye stoo ya kanisa usiku wa Juni itakuwa chini ya kinanda hata ukisukuma bomba la kutyuni hadi mwisho. Pulizeni pumzi ya moto bila kutoa sauti kwa dakika tano ndipo mtyuni. Wamoravian walifika Unyakyusa mwaka 1891 na upulizaji ni desturi yao tangu Ulaya, kwa hiyo wazee wenu wa tarumbeta watakuwa wanalijua hili. Waulizeni.

Ngoma za ngozi nazo zinalegea kwa unyevu wa huko kwenu. Moto mdogo, umbali wa mkono mmoja, ngoma izungushwe, na muigonge kila baada ya dakika chache. Ikikaribishwa sana ngozi inapasuka ukingoni, na hapo hakuna dawa.

Nipo Kalenga, Iringa. Ligombo la Wahehe linafananaje, na nitalisikia wapi?

Ni ubao mrefu uliochongwa kama hori la kina kifupi. Uzi mmoja unapitishwa kwenye meno ya ncha zote mbili, unakwenda na kurudi, kwa hiyo nyuzi nyingi unazoziona ni uzi ule ule. Kibuyu kinafungwa ili kukuza sauti. Ndugu zake wako mbali: enanga ya Wahaya na inanga ya Rwanda na Burundi. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alilirekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950, na kanda zake zinatunzwa na ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Makhanda, Afrika Kusini. Mtandaoni tafuta "Hehe" pamoja na "ligombo". Ila usianzie mtandaoni wakati uko Kalenga. Anza na wazee.

Watoto wa Kyela wanasema mganda ni ngoma ya Malawi. Ni kweli?

Ziwa halijawahi kuweka mpaka kwenye ngoma. Mganda unachezwa pande zote mbili, na wenzetu wa ng'ambo wana malipenga, ambayo ni ndugu yake. Asili ya mwendo wake ni gwaride: baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, askari waliorudi walileta mistari, sare na vyeo, kama beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilivyofanya pwani. Lakini tarumbeta za bati hawakuwa nazo, wakatumia vibuyu. Lipenga, yaani hicho kibuyu, halipulizwi. Unaimba ndani yake kwa kuguna, na utando uliobandikwa kwenye tundu dogo unatetema. Ndiyo, buibui tena. Mtoto anayepuliza kwa nguvu hatapata kitu zaidi ya mate.

Nianzie wapi kusikiliza dansi la zamani? (Makambako)

Anza jirani: Tancut Almasi, bendi ya kampuni ya kukata almasi ya Iringa miaka ya 1980, iliyokuwa na mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Kisha Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ambayo mtindo wake, sikinde, umechukua jina la ngoma ya Wazaramo. Kisha Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo. Kila wimbo usikilize mara mbili: mara ya kwanza besi peke yake, mara ya pili subiri gitaa zinapobadilika kuingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea.

Nataka kuchanganya ngoma ya bibi zangu na bongo fleva. Programu inaiharibu. (Mbalizi)

Umeanza na mdundo wa kompyuta. Geuza. Rekodi ngoma kwanza, bila metronomu, kisha weka alama kila mguu unapokanyaga na uiache programu ifuate alama hizo. Ngoma ikipanda kidogo kuelekea mwisho, iache ipande. Halafu kagua gridi. Ngoma nyingi zinagawa pigo mara tatu, na programu yako imewekwa mara nne, ndiyo maana ukiinyoosha inatembea kama mlevi.

Kuhusu haki: wimbo wenye mtunzi anayejulikana unahitaji ruhusa yake ya maandishi kabla hujautoa, na pa kuulizia ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. "Salome" ya 2016, ya Diamond Platnumz na kijana wa Mbeya Rayvanny, ilijengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, na aliyewahi kuusikia ule wa Saida aliutambua kabla mstari haujaisha. Wasikilizaji wako nao watautambua wimbo ulioutumia. Wapigaji na waimbaji wa ngoma, bibi zako wakiwemo, waandike majina na mgao siku ya kurekodi, kabla chai haijaisha na watu hawajatawanyika.