Kitumbua kilichovunjwa katikati

Juzi usiku nikiwa naosha vyombo, ujumbe uliingia kwenye simu: "Dada, na mimi nina chaneli ya mapishi. Napika kwa moyo, narekodi kwa moyo, lakini video zangu watu wanazipita tu. Wewe ulifanyaje?" Niliacha vyombo nikakaa. Maneno hayo ndiyo niliyokuwa najiambia mwenyewe miaka miwili iliyopita, hapahapa Tanga, na sikuwa na wa kumuuliza.

Mdogo wangu, pamoja na nyote mnaotaka chaneli zenu zifike mbali, nisikilizeni.

Video yangu ya kwanza ya vitumbua ilinila siku nzima. Mchele niliuloweka tangu usiku, nazi nikakuna mwenyewe, iliki nikatwanga. Nilipoipakia YouTube, thamneli, ile picha ya mbele ambayo mtu anaiona kabla ya kufungua video, nikaacha ileile iliyojichagua kutoka kwenye video: mkono wangu umeshika upawa, chuma cha vitumbua kimefifia kwa moshi. Wiki nzima watazamaji 41, na wengi wao ndugu.

Mtu mmoja akaniambia tatizo ni thamneli, na kwamba yeye ndiyo kazi yake. Nikamlipa elfu thelathini kwa thamneli tatu, hela ya mtaji wa mchele na mafuta. Aliponirudishia, nikaona maandishi ya rangi nne, mishale miwili myekundu, sura yangu nimeachama, na sahani ya vitumbua ambavyo si vyangu. Alivitoa intaneti. Vimelingana vyote kama vimetoka kiwandani. Nikamwamini, nikaziweka. Watu walifungua, sikatai. Wakakaa sekunde chache wakaondoka, na maoni ya kwanza kabisa yalikuwa haya: "Vya kwenye picha sivyo hivi."

Mpaka leo nikiyakumbuka kifua kinabana. Mimi sijawahi kumdanganya mteja wa kitumbua cha mia mbili, halafu naonekana mwongo kwa picha ambayo hata sikuipiga! Niliiondoa usiku uleule. Hela yangu haijarudi.

Asubuhi yake nikakaanga upya. Nikatoa kimoja cha moto, nikakivunja mbele ya dirisha kabla jua halijawa kali, mdogo wangu akapiga picha kwa simu. Tulipiga zaidi ya picha hamsini. Ile tuliyoichagua, ndani ya kitumbua matundu yanaonekana kama sega la nyuki, vipande viwili bado vimeshikana kwa chini, mvuke unapanda, na kidole gumba changu ni kikavu, hakina hata tone la mafuta. Nyuma nilitandika kanga ya buluu iliyokolea ili rangi ya kitumbua isimezwe. Maandishi maneno mawili tu: HAVINYWI MAFUTA. Hicho ndicho kinamama wananiuliza kila siku, vitumbua vyao vinakunywa mafuta. Na kidole kile kikavu kilikuwa ushahidi.

Baada ya mwezi nikafungua YouTube Studio, pale mwenye chaneli anapoona hesabu za video zake. Katika kila watu 100 walioonyeshwa video ile, zaidi ya 7 waliifungua. Zamani hawakufika hata 2. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote, kiwango hicho cha kufunguliwa kiko kati ya asilimia 2 na 10. Kwa mtu anayepigia picha jikoni kwake, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, najivunia na sifichi.

Sasa ya kushika. Tengeneza thamneli kwa kipimo cha pikseli 1280 kwa 720. Canva ya kwenye simu, ile programu ya kutengeneza picha, inatosha. Kona ya chini kulia usiandike kitu, ndipo YouTube inapoweka muda wa video. Mimi neno NAZI lililiwa pale likabaki NA. Weka kitu kimoja, kikubwa, cha karibu. Ukimaliza, weka simu mezani na urudi nyuma hatua mbili: usipotambua ni chakula gani, na mtazamaji hatatambua, maana kwake picha ni ndogo kama kiberiti. Kwa hiyo nasema tena, kitu kimoja.

Kitu hicho kiwe chako, kiwe ndani ya video. Hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu naona mnavyofanya. Acheni kuokota sahani za watu. Acheni kuandika "HUTAAMINI" juu ya maandazi. Siku hizi ukiingia Studio kwa kompyuta unaweza kupakia thamneli hadi 3 za video moja zishindanishwe, na mshindi hapatikani kwa kubofywa, anapatikana kwa muda ambao watu wamekaa kutazama. Mnaelewa maana yake? Anayeingia kwa kudanganywa anatoka, na akitoka hesabu inakuangukia wewe. Mwanamke aliyetumia bando lake la mwisho kufungua video yako ana haki ya kukuta alichokiona.

Dada uliyeniandikia, nimepita kwenye chaneli yako. Ule mkate wako wa kumimina umeupiga mzima, kwa juu, kwenye sinia linalong'aa taa. Ukate. Vuta kipande kimoja kidogo nje, sogea dirishani, tuone ndani ulivyoumuka. Piga nyingi, kisha nitumie tatu unazozipenda tuchague pamoja.