Makala za Chandigarh: kwa nini hesabu tatu hazilingani?

SWALI: Nimemaliza shahada ya umahiri ya famasia na natafuta nafasi ya uzamivu India. Wakala ananisukumia Panjab University ya Chandigarh, anasema ina "maelfu ya tafiti za tiba" na iliwahi kuongoza India nzima kwenye orodha ya dunia. Nilipotafuta mwenyewe, PubMed ilinipa idadi moja, Scopus ikanipa kubwa zaidi, Google Scholar ndiyo usiseme. Tena kwenye grafu ya PubMed makala zinaruka ghafla mwaka 2014. Nimwamini nani? (Mfamasia, Mbagala)

JIBU: Ndugu mfamasia, hapo hakuna aliyekudanganya, labda wakala, na yeye nitamrudia. PubMed, Scopus na Google Scholar ni hifadhidata za makala za kitaaluma, na kila moja imehesabu kwa namna yake.

Tuanze na huo mruko wa 2014, maana nauona ukiwachanganya hata wahadhiri wanaokuja maktabani kwangu na grafu mkononi. Kwa makala za kuanzia 1988, PubMed ilikuwa ikiweka anwani ya kazini ya mwandishi wa kwanza peke yake. Mtafiti wa Chandigarh akiwa wa pili au wa tano kwenye orodha, chuo chake hakikuonekana popote. Ni kufikia 2014 ndipo walipoanza kuweka anwani za waandishi wote. Ukilinganisha 2010 na 2016 unalinganisha taratibu mbili za karani, wala siyo bidii ya watafiti. Scopus huingiza anwani za wote, na inabeba fizikia, kemia na sayansi za jamii ambazo PubMed, iliyo ya afya na biolojia, haizigusi sana. Google Scholar inazoa kila kitu, tasnifu, ripoti, hata nakala mbilimbili za makala ileile. Kwa kutafuta makala ni nzuri. Kwa kuhesabu, mimi siitumii kabisa.

Halafu jina. Chuo hiki kilianzishwa Lahore mwaka 1882. Nchi ilipogawanywa 1947, kilichobaki Lahore kikawa cha Pakistan na kinaandikwa University of the Punjab, kwa "u". Cha India, kilichoishia Chandigarh, kinaandikwa Panjab, kwa "a". Ongeza Punjabi University ya Patiala na Central University of Punjab ya Bathinda, utaona balaa lake: mhariri akijitia kusahihisha herufi moja, makala imevuka mpaka. Kwenye kisanduku cha PubMed andika hivi ([ad] maana yake tafuta kwenye anwani tu):

"Panjab University"[ad] AND Chandigarh[ad]

Ukishapata jibu, badilisha "a" iwe "u", uache Chandigarh palepale. Nyingi zitakazotokea ni za chuo hichohicho, zilizopotea kwa kosa la herufi.

Ila usije ukaandika Chandigarh peke yake. Ng'ambo ya barabara kutoka geti la chuo, Sekta ya 12, ipo PGIMER, hospitali kubwa ya rufaa na taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1962. Hiyo siyo sehemu ya Panjab University. Ina sheria yake ya Bunge na inatoa shahada zake yenyewe. Sehemu kubwa ya utafiti wa tiba unaosoma "Chandigarh" ni wao. Kuna na chuo cha udaktari cha serikali, Sekta ya 32, ambacho wanafunzi wake hupewa shahada na Panjab University lakini madaktari wake huandika jina la chuo chao. Makala hizo ni za nani? Inategemea anayehesabu anataka nini. Kwa hiyo wakala akikutajia tena maelfu ya tafiti za tiba, muulize ni za upande gani wa barabara.

Kuhusu kuongoza India, ni kweli. Katika orodha ya vyuo vikuu vya dunia ya Times Higher Education ya 2013–14, Panjab iliwekwa kati ya nafasi ya 226 na 250, ikazipita hata IIT, vyuo vya teknolojia vyenye sifa kubwa India. Watu walishangaa, wakafukua, wakakuta kilichoinyanyua ni kunukuliwa kwa makala, na nukuu hizo kwa sehemu kubwa zilitoka kwa wanafizikia wake walioko kwenye majaribio ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Uswisi. Makala za huko huandikwa na maelfu ya watu. Iliyotoka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ina waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 ni majina na taasisi tu. Zamani kila chuo kilichotajwa humo kilipewa nukuu zote, kana kwamba kimeiandika peke yake. Mwaka huohuo wa 2015 waandaaji wa orodha wakaziondoa makala zenye waandishi zaidi ya 1,000, na Panjab ikaporomoka. Wanafizikia wale hawakuiba kitu. Wamefanya kazi halisi, hadi kutengeneza sehemu za CMS, mmoja wa mitambo ya huko CERN ya kunasa chembe. Lakini chembe ya Higgs haitakufundisha kutengeneza dawa. Upande wa tiba nao una makala za namna hiyo, zile za mzigo wa magonjwa duniani zenye mamia ya waandishi, kwa hiyo ukiona profesa ana nukuu nyingi mno, fungua kwanza orodha ya majina.

Kwa shida yako wewe, achana na jumla ya chuo. Idara yao ya famasia ni ya siku nyingi, ilianza tangu enzi za Lahore, na ina heshima yake. Chagua wasimamizi watatu unaowataka. Kwa kila mmoja soma makala za miaka mitano, uhesabu zile ambazo mwanafunzi ni wa kwanza na msimamizi ni mwandishi wa mawasiliano, yaani yule ambaye barua pepe yake imewekwa kwa maswali. Hizo ndizo zilizotoka kwenye maabara yake. Usiridhike na wingi: hadi kanuni zilipobadilishwa Novemba 2022, mwanafunzi wa uzamivu India alilazimika kuchapisha kabla ya kuwasilisha tasnifu, na makala nyingi nyepesi zilizaliwa na sharti hilo.

Kisha ingia Shodhganga, hazina ya tasnifu za India. Kusoma ni bure, na za Panjab zimo kwa wingi. Tafuta kwa jina la msimamizi. Soma sura ya mbinu: mashine zilizotajwa zilikuwa za idara, au sampuli zilipelekwa kupimwa kwingine? Angalia na ukurasa wa shukrani, ndiko wanafunzi husema nani hasa aliwasaidia.